Mama Mkwe, Mbuzi na Daktari wa Misheni

Shida zangu zilianza mwaka wa ile njaa ya mahindi ya manjano, nikiwa na miaka kumi na mitano. Ng'ombe wa baba waliisha hapa hapa kwetu Kabati, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaacha shule darasa la nne. Usianze kunipigia hesabu, Ndinda. Nilianza shule nikiwa mkubwa, nikaiacha nikiwa mkubwa zaidi. Nikawa utingo kwenye lori la barabara ya Mombasa, na huko nikajifunza vitu viwili ambavyo vimenilisha mpaka leo: Kiswahili na usukani.

Nakuandikia kwa sababu mchungaji amenipa dakika chache tu Jumapili, siku kanisa litakapokuombea, na mimi sina maneno ya dakika chache. Wewe ni mtoto wa ndugu yangu, kwa hivyo ni mwanangu. Sasa ni daktari wa kuzalisha akina mama, na umesema Mungu amekuita uvuke bahari ukazalishe wanawake wa nchi ambayo lugha yao sijawahi kuisikia hata kwenye redio. Watu watasimama wakwambie uombe sana na ubebe sweta. Ni sawa. Omba, na sweta ubebe. Mimi nataka kukwambia habari ya mama mkwe wangu.

Usicheke bado.

Baada ya lori nilipata kazi ya udereva katika hospitali ya misheni upande wa Makueni. Walikuwa na Landrover moja na daktari mmoja. Daktari alikuwa mwanamke mrefu kutoka nchi ya baridi, na jina lake halisi lilitushinda sote. Siku aliyofika mvua ilinyesha, kwa hivyo tukamwita Syombua, akalikubali jina bila maneno mengi. Alikuwa ameacha mama yake mzee na nyumba yake ya matofali, akaja kuzalisha wanawake wa Ukambani kwa jina la Yesu, na mikono yake ilikuwa mizuri. Hilo nalisema mapema kwa sababu nitamcheka kidogo.

Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani, tena cha vitabu. Alikuwa akimwinamia mama mwenye uchungu na kumwambia, "Ewe mama, waionaje hali yako?" Yule mama anageuka upande wangu, ananiuliza kwa Kikamba, "Huyu anasoma Biblia au ananisalimia?" Basi kazi yangu ikawa kuendesha gari na kutafsiri. Kiswahili chake kizuri nilikifanya kibaya, halafu kile kibaya nikakifanya Kikamba. Mshahara ulikuwa wa dereva peke yake.

Sasa wewe umekulia Nairobi, kwa hivyo ngoja nikueleze jambo moja ambalo hukufundishwa chuoni. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu yenye heshima ndani yake. Mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawaitani kwa majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani kama aliyeitwa na shughuli. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama mkwe mpaka wanapiga picha. Mimi siwahukumu. Lakini mama mkwe wangu hakuwa wa picha. Alikuwa mkunga wa mlima wote wa kwao, na nusu ya watu waliokuwa wanatembea huko walipitia mikononi mwake kabla ya kutembea.

Mke wangu Nduku alipobeba mimba yetu ya kwanza, alienda kuzalia kwa mama yake. Fikiria hiyo aibu. Mimi dereva wa hospitali yenye wadi nzima ya wazazi, na mke wangu anapita lango la hospitali kwenda mlimani. Wapishi wa hospitali waliniuliza kama jino likiniuma pia nitaenda kwa mama mkwe.

Asubuhi moja, maombi ya wafanyakazi yakiwa ndiyo yamekwisha, shemeji yangu akafika na baiskeli, jasho mpaka kwenye mshipi.

"Muthama," akasema, "mama amesema uje na yule mzungu."

"Nduku ana nini?"

"Tangu jana. Mama amesema uje."

Hakusema tafadhali, na hakuwa ametumwa na tafadhali. Mama mkwe wangu hajawahi kumwomba mtu kitu. Ukisikia mkunga kama yule ametuma mtu aite daktari, jua ameona kitu ambacho hakipendi. Mikono yangu ilipoteza funguo nikiwa nimezishika.

Njiani, shemeji akiwa amekaa nyuma na baiskeli yake, nilijaribu kumwandaa daktari.

"Daktari, tukifika mimi siwezi kuingia ndani."

"Kwa nini?"

"Mama mkwe yuko."

Akafikiri kidogo. "Ana ugonjwa wa kuambukiza?"

"Hapana. Ana heshima."

"Muthama, mkeo yu taabani nawe wanitajia heshima," akasema, na akaangalia barabara. Mimi nikisema kitu mara moja nimesema.

Tulipofika niliegesha mbali, nikaenda kuelekea nyumba kinyumenyume, mgongo mbele, ili macho yangu yasikose adabu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote nikimletea mke wangu sukari. Nilikuwa nimezoea mpaka nilijua kila jiwe kwa kisigino. Nilifika kwenye ghala nikasimama. Daktari hakuwa na nafasi ya ghala. Alirudi, akanishika shati hapa kifuani, akanivuta mpaka ndani ya chumba.

Nilifunga macho. Nikasikia beseni limeanguka. Nikasikia leso inafunguliwa na kutupwa kichwani. Halafu nikasikia miguu, miguu mingi, ikitoka kwa mlango wa jikoni. Mama mkwe alikuwa ameondoka kwenda shambani kwenye mbaazi zake, na wanawake wote waliokuwa pale wakamfuata, maana kwa mlima ule hakuna mwanamke aliyebaki mahali yule mama ametoka. Tukabaki watatu: daktari, mimi kipofu, na Nduku kwenye kitanda.

Nduku alibana magoti. "Asiniguse," akasema. "Mama yuko wapi? Mama arudi."

Daktari akajaribu kumsemesha kwa upole. Nduku akabana zaidi. Nilifungua jicho moja nikaona daktari amesimama katikati ya chumba na glavu mkononi, kama bibi harusi ambaye bwana hakufika na bado ameshika maua.

"Muthama, nimekosa nini?"

"Nilikwambia kwenye gari."

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kukumbuka, mwanangu. Alikuwa na elimu, alikuwa na dawa, alikuwa na sala, na mwenye mimba alikuwa amebana magoti. Kila dakika ya kubana ilikuwa ya hatari, na yeye alijua kuliko mimi. Angeweza kunigombeza. Angeweza kumlazimisha Nduku. Alivua glavu, akatoka kwa mlango ule ule wa jikoni, akaenda kwenye mbaazi.

Sikuona, kwa sababu nilikuwa nimefunga tena. Lakini shemeji alinisimulia. Alisema yule mzungu alifika mbele ya mama mkwe akapiga magoti kwenye udongo na ile sketi yake nyeupe, akasema, "Mama, naomba radhi." Mama mkwe hakujua neno hata moja. Lakini magoti yanajulikana kila mahali. Alimwangalia hivi, akatoa jani la mbaazi kwenye nywele zake, akamwinua kwa mkono. Halafu akaongea kwa sauti ya kufika mpaka ndani.

"Mwambieni huyo aliyesimama kwangu na macho yamefungwa kama kuku mgonjwa, atoke. Aende nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Kuna mbuzi amefungwa hapo. Aongee na mbuzi."

Nikatoka, na mama mkwe akarudi ndani na daktari na wale wanawake wote. Ndinda, nimetafsiri mahubiri ya wazungu mbele ya umati. Nimemtafsiria mkuu wa wilaya. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya mbuzi. Daktari anauliza ndani, mimi namwambia mbuzi kwa Kikamba, na mama mkwe anamjibu mbuzi kupitia dirishani. Kwa njia hiyo mimi sikuongea na mama mkwe, na yeye hakuongea na mimi. Mbuzi alikuwa anatafuna mabua bila wasiwasi.

"Muulize maji ya uzazi yalimwagika lini," akasema daktari.

Nikamwangalia mbuzi. "Mbuzi, mgeni anauliza kama... kama kumekuwa na unyevu."

Wanawake ndani wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Mbuzi, maji yalimwagika kabla jogoo hajawika. Mwambie huyo aliye na wewe kwamba ni mimi niliyeyapangusa."

"Muulize kama amegusa kichwa cha mtoto."

"Mbuzi, mgeni anauliza mtoto anaangalia wapi."

"Mbuzi, mtoto ametanguliza matako. Nimemgusa mwenyewe."

Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtu anasikiaje neno kama hilo likitoka kwa mama mkwe wake, halafu analichukua analipeleka kwa mwanamke wa misheni ambaye anaomba kabla ya kunywa hata chai ya rangi? Nikasema kwa Kiswahili, "Daktari, anasema mtoto yuko njiani."

"Vyema," akasema daktari.

Halafu sauti ya mama mkwe ikatoka dirishani polepole.

"Mbuzi, nimesema matako na mwenzangu anatabasamu. Mtu aliyeambiwa nilichosema hawezi kutabasamu. Mwambie bwana wako alitoe lile neno lote, au nitoke hapa nje nimwambie mwenyewe uso kwa uso."

Nililitoa neno lote. Nililitoa kwa sauti kubwa hivi kwamba jirani wa ng'ambo ya bonde alisimamisha jembe. Ndani tabasamu likaisha. Daktari akamwangalia Nduku, akampapasa tumbo, na safari hii Nduku alimkubalia kwa sababu mama yake alikuwa amemshika bega. Kisha daktari akasema twende hospitali sasa hivi.

Nikamwambia mbuzi. Mama mkwe akajibu, "Nilijua. Ndiyo sababu nikamwita."

Kukawa na shida nyingine. Nduku alishika mkono wa mama yake na hakutaka kuuachia. Gari lilikuwa moja na dereva alikuwa mmoja. Mama mkwe alisimama akaliangalia lile Landrover kama mtu anayepima ng'ombe wa mahari. Akaitisha shuka. Wakalifunga katikati ya gari, kati ya kiti changu na godoro la nyuma. Nikaambiwa niingie wa kwanza na niangalie mbele. Nikaingia. Nikawasha. Sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Gari, hicho kioo chako kinaangalia nyuma. Kigeuze."

Mbuzi tulimwacha, kwa hivyo sasa alikuwa anaongea na gari. Nikageuza kioo kikaangalia paa. Tukaondoka.

Kati ya mlima ule na hospitali kuna mto wa mchanga. Maji yake yanapita siku chache kwa mwaka, lakini mchanga hauna likizo. Siku zote nilikuwa nauvuka kwa gia ya nguvu bila kusimama. Siku ile, katikati kabisa, Nduku alipiga ukelele, na mguu wangu ukaachia mafuta. Mguu ulifanya hivyo wenyewe, sikuutuma. Magurudumu yakachimba, gari likakaa kama kuku juu ya mayai.

"Gari," ikasema sauti, "mbona umenyamaza?"

Nilitoka nikaanza kupunguza upepo wa magurudumu kwa kijiti, maana hiyo ndiyo dawa ya mchanga. Nilikuwa kwenye gurudumu la pili daktari aliposema kutoka ndani, "Muthama, acha. Hatungoji. Anazaa hapa."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Daktari alikuwa amepiga magoti mwisho wa godoro. Mama mkwe alikuwa upande mmoja, ameshika mguu mmoja wa Nduku. Mguu wa pili haukuwa na mtu, na Nduku alikuwa amechoka hawezi kuushika mwenyewe. Wanawake wengine na shemeji tulikuwa tumewaacha mlimani. Mtu mwingine pekee aliyekuwa kwenye mto ule ni mimi.

Mimi si mwoga. Nimewahi kuteremka mlima na lori lisilo na breki nikiimba. Lakini kiatu changu hakikuinuka kwenye ule mchanga. Mke wangu alikuwa anageuka rangi, mtoto wangu alikuwa anaingia duniani na upande mbaya, na mimi nimesimama na kijiti mkononi nikiangalia mawingu. Nilitaka kwenda. Nakwambia nilitaka. Ni kama mtu amenipigilia misumari.

Daktari aliniangalia. Nikajua sasa atanishika shati tena. Hakunishika. Aligeuka akamwangalia mama mkwe, akasubiri. Kazi iko mikononi, mgonjwa analia, na bado akasubiri.

Mama mkwe akaliondoa lile shuka kwa mkono mmoja. Halafu akasema jina langu. Hakusema gari, hakusema mbuzi.

"Muthama. Njoo ushike mguu wa mke wako. Nthoni yangu nimeiweka hapo chini ya kiti. Nitaiokota tukifika."

Misumari ikatoka. Niliingia nikashika mguu, uso wangu na uso wa mama mkwe haziachani hata na upana wa sahani. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Sikuwa nalijua. Wale wanawake wawili hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Daktari alionyesha kwa kidevu, mama mkwe akabonyeza tumbo pale pale. Yakatoka yale yaliyotajwa kwa mbuzi, ikatoka miguu, ukatoka mgongo, kisha kila kitu kikasimama. Kichwa kikabaki ndani. Daktari akasema kitu kwa lugha ya kwao, nadhani ilikuwa ni kuomba. Mama mkwe akasema kitu kwa Kikamba, na hiyo ilikuwa ni kuomba, nilisikia. Mimi nilishika mguu. Kichwa kikatoka.

Mtoto hakulia. Alikuwa na rangi ya wingu la mvua. Daktari akamfuta, akampuliza, akamsugua mgongo, akampuliza tena. Kisha mtoto akakohoa kama mzee wa kanisa, akalia, na mto wote ukasikia.

Mama mkwe akamshika, akamgeuza, akamkagua. Akasema, "Ni wa baba yake kabisa. Hata yeye anaingia nyumba za watu kinyumenyume."

Nduku alicheka mpaka daktari akamwomba atulie. "Asema nini mama?" daktari akaniuliza.

"Anasema asante," nikamwambia.

Mama mkwe alifunga shuka lake tena kabla sijamaliza gurudumu la nne. Tulipofika hospitali alisubiri nishuke, niondoke, nipotee nyuma ya jiko, ndipo akateremka. Baadaye nilipeleka mbuzi na blanketi. Nilifikiri ni ya kufuta nthoni, kwamba sasa tumeshaonana na mambo yamekwisha. Alipokea, akatuma neno kwamba hiyo ilikuwa ni ya kuirudisha mahali pake, na kwamba nimetoa mbuzi mdogo.

Mtoto tulimwita Kyalo, kwa kuwa alizaliwa safarini. Hakuwa daktari wala mchungaji, usifikiri hadithi inaenda huko. Anauza matairi mjini Wote, na anapenda kula.

Daktari Syombua alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo. Nikakuta ana desturi mpya. Akifika boma la watu, kabla hajafungua mkoba, anauliza, "Mwenye nyumba hii ni nani, na nani hapaswi kumwona nani?" Akishaambiwa, ndipo anaosha mikono. Wanawake wa milimani wakaanza kuteremka wenyewe kuja wadi yetu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa anawaleta. Alikuwa anakaa nje kwenye benchi na mgongo wake umeelekea gari langu.

Sasa sikia, mwanangu. Huko uendako kuna mama mkwe wa mtu. Hutamtambua kwa nguo. Inawezekana ni baba mzee mlangoni, au dada mkubwa, au jambo ambalo mwanamke haruhusiwi kusema kabla jua halijatua. Litaonekana kwako ni la kijinga, kwa sababu la watu wengine huonekana hivyo, na wewe utakuwa na haraka ya kweli, ya damu na pumzi. Usimvute mtu shati. Tafuta anayeushika mlango na umpigie magoti mapema, ukiwa bado una nafasi. Desturi ya watu ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeweza kuiweka chini ya kiti ukimpa nafasi ya kufanya hivyo. Ukiivunja wewe, umepata adui na mgonjwa amebana magoti. Akiiweka chini yeye, umepata mkono wa pili.

Na ukitafsiriwa jambo zito, angalia uso wa aliyelisema. Kama yeye amekunja uso na wewe unatabasamu, kuna mwanamume mahali fulani anaongea na mbuzi.

Mungu akuvushe bahari na akurudishe. Mikono yako isitetemeke. Watoto watakaokutangulizia kichwa wawe wengi, na wale wa upande ule mwingine wakukute una mtu wa kushika mguu. Ukipita hapa Jumamosi nitakutemea mate kifuani kama wazee wetu walivyobariki. Mchungaji asituone, lakini akituona pia ni sawa.

Nimeandika haya nikiwa mtu anayejitegemea, usije ukadhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa na maisha. Mali yangu leo ni hii. Shamba hapa Kabati, limezungushiwa waya. Lori moja linalotembea na moja lililosimama. Duka la matairi Wote, ambalo Kyalo anasema ni lake. Mizinga ya nyuki. Tangi la maji la mawe nililojenga kwa mikono yangu. Ng'ombe, wachache, wanene. Mke mmoja, Nduku, ambaye bado anacheka. Watoto watano na wajukuu ambao sijui idadi yao kwa sababu wanaongezeka. Na mama mkwe mmoja, mzee sana sasa, anayetembea na fimbo. Leo asubuhi tulikutana kwenye njia ya kisimani, na mimi nikaingia kichakani.